Mgongo wa Picha

Kwanza huwa naigeuza.
Uso hutengenezwa uonekane; mgongo hakuna aliyeupamba.
Hilo sikufundishwa chuoni, nimefundishwa na misumari,
miaka ishirini na sita ya fremu, kichochoro cha nyuma ya stendi, Moshi.

Bwana Eliaichi, mkaguzi wa hesabu mstaafu,
aliileta imefungwa kwa kitenge cha arusi.
"Huyu ni binti wa mangi. Ndiye aliyemzaa bibi yangu.
Isafishe, kisha uniandikie karatasi
yenye muhuri."

Muhuri ninao. Ni wa kupokelea pesa.

Mgongoni, gunia la kahawa limegundishwa
ili kitambaa kisizidi kuchanika,
na juu ya gunia, mikono mitatu ya wino.
Mmoja wa Kijerumani, umelala upande kama mvua ya Aprili.
Mmoja namba tupu: 41. Orodha ya mnada
wa shamba la Mgiriki Stavro ninayo kabatini:
41, picha, mwanamke, kuukuu,
kati ya 40, mizani, na 42, bafu la bati.
Wa tatu wa Jivraj, muuza mafuta ya taa:
Rehani. Shilingi thelathini.
Hakuna aliyerudi kuikomboa.
Kisha kimya. Kisha baa moja ya Majengo,
maana begani pana tundu la kishale:
mlevi alilenga ubao
akampata mwana wa mfalme.

Ndivyo nilivyomwita bado. Mwana wa mfalme.

Nasafisha kwa pamba na mate.
Msicheke. Mate ya asubuhi, kabla ya chai,
hung'oa moshi wa sigara kuliko dawa ya dukani.
Nilianza pajini, nikashuka kwenye shanga,
safu kwa safu, kahawia ikirudi kuwa buluu.
Siku ya nne nikafika mkononi.

Mkono wa kushoto. Kidole cha shahada
kina kovu la mshazari.
Nikautazama wa kwangu.
Kila aliyekata majani ya ng'ombe kwa mundu huku mlimani
analo, papo hapo.
Binti wa mangi hakati majani.

Nikapanda Uru, kwa Mama Ndeanasia,
tisini na ushei, anachambua maharage.
Uso sikumwonyesha. Nilimwonyesha kidole, kwenye simu.
Akajibu kana kwamba nimeuliza bei ya chumvi:
"Binti alikataa. Alisema Mzungu atabaki na kivuli chake.
Wakamvika Manka shanga za binti,
Manka mkata majani wa boma,
akakaa kitini siku tisa.
Bibi alisema hakuwahi kupumzika tena hivyo
mpaka alipozikwa."

Halafu?

"Halafu akavuliwa shanga."

Bwana Eliaichi alikuja Jumamosi. Nilimweleza yote,
sikupunguza hata kovu.
Akasogea karibu mno na picha, pumzi yake ikagusa rangi,
na hapo ndipo nilipoziona:
nyusi ya kulia ya mwanamke ina pengo katikati,
na ya Bwana Eliaichi ina pengo katikati.
Nikafungua mdomo. Nikaufunga.
Nyusi haina risiti.

"Andika binti wa mangi," alisema.
"Watoto wameshaambiwa."

Niliandika: mafuta juu ya kitambaa, imesafishwa,
tundu la begani limezibwa,
fremu ya mringaringa, laki mbili na nusu.
Muhuri nikaupiga hapo, kwenye pesa, mahali pake.

Lakini gunia, kabla sijaligundisha upya,
nililifunua, nikaandika chini yake kwa penseli:
Manka. Siku tisa.

Gundi yangu ni ya unga wa ngano,
ikinywa maji inaachia.
Na paa la Bwana Eliaichi, nasikia,
linavuja upande wa sebuleni.